Mikono ya Kimoroko

Jumapili, 2 Novemba

Sabuni nyeusi imekwisha tena. Nimemwambia Naima, Naima kamwambia Madamu, Madamu, mwenye saluni, kasema tuichanganye na maji. Tumechanganya. Mteja wa kwanza akasema leo sabuni laini, nzuri. Haya.

Vidole vimenikunjamana tangu asubuhi. Mvuke wa hammamu, chumba chetu cha kuogeshea, utanimaliza kifua. Nikitoka nje napiga chafya, nikirudi ndani nakohoa. Nongo za watu zimeniingia mpaka kwenye kucha.

Kutwa nzima nimekuwa Mina wa Zagora. Niandike hapa nisije nikasahau mwenyewe: mimi ni Mwanasha, Mdigo, mzaliwa wa Msambweni. Hiyo Zagora siijui hata iko wapi. Naima ndiye aliyenichagulia, ati huko kusini kwao kuna watu weusi kama mimi, hakuna mteja atakayechimba zaidi. Wateja wa saluni hii ya Maskati wanalipia mikono ya Kimoroko. Naima peke yake hawezi kusugua mtaa wote huu wa Ghubra. Mmoroko wa pili ni ghali. Basi nikatengenezwa mimi.

Sharti ni kunyamaza. Nimefundishwa maneno ya kutosha kazi: karibu, geuka, inua mkono, na bsaha mteja akimaliza, ndiyo kheri ya kwao ya baada ya kuoga. Mteja akiuliza kitu natabasamu, naelekeza mlango, Naima anakuja kujibu. Wanadhani nina haya. Mimi na haya wapi na wapi. Mama akisikia atacheka mpaka alie.

Alasiri walikuja Bi Zuweina na bintiye Salma. Hawa ni Waomani wa asili ya Unguja, kila Jumapili wako kwangu. Kwangu mimi wanatumia Kiarabu. Wao kwa wao ni Kiswahili kitupu, kile cha bibi yangu, na wananisengenyea watu juu ya kichwa changu kama vile mimi bomba la maji. Ndiyo burudani yangu ya wiki. Leo ilikuwa harusi. Mwana wa Salma anaoa Ijumaa ya wiki ijayo. Biriani itapikwa na nani, bi harusi mrefu mno. Nimeuma midomo nisicheke.

Jumanne, 4 Novemba

Sikulala vizuri. Nalala stoo, nyuma ya saluni, na makatoni ya taulo. Mashine ya kufulia inanguruma ukutani.

Naima ana nyumba ya kupanga Khuwair, chumba na sebule, kibaraza cha kuanikia nguo. Pasipoti yake imo mkobani mwake, nimeiona kwa macho yangu. Yangu iko kwa mamake Madamu, bibi ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, na ambaye sijawahi kumfulia hata leso. Kitambulisho changu cha ukaazi kinasema mfanyakazi wa nyumbani kwake. Cha Naima kinasema mtaalamu wa urembo. Kazi ni moja, jasho ni moja, hata mashairi ya kulalamika ni mamoja. Mwezi ukiisha mshahara wangu kando ya wake ni mtoto kando ya mamake. Yeye akichoka anaomba likizo anakwenda kwao Khouribga. Mimi nikichoka naambiwa ninywe maji.

Nimemwonea kijicho huyu mwanamke mwaka mzima. Sioni haya kuandika.

Lakini leo alikula chakula cha mchana amejifungia chooni. Nilimkuta analia. Mteja kamwambia Madamu asiguswe na Naima, mumewe asije akaliona jina la Naima kwenye simu ya mkewe, akamtafuta. Ndivyo wanavyosemwa hapa, wote, hata vizee vyao: Mmoroko ataiba mume, na akikosa atamroga. Mwenzake wa saluni nyingine alishitakiwa uchawi, akarudishwa kwao kabla hajafua nguo zake. Ndiyo maana hawatembeleani. Wawili watatu wakikaa pamoja wanatazamwa. Naima ana pasipoti na kibaraza, na Eid anakula peke yake.

Sisi hatuna kibaraza, tuna kelele. Kundi letu la simu halilali. Kuna Mkamba wa Ruwi anayeuza mandazi, Wajaluo wa kiwanda huko Rusayl, akina dada wa kanisani, Wapwani wenzangu. Mtu akiumwa kichwa Seeb, Mutrah nzima inajua. Wambea watupu. Tangu jana wanamtafuta msichana mmoja, Kadzo, wa Kaloleni, ana mtoto mdogo nyumbani. Alikuja kufanya kazi za ndani. Simu yake imezimwa wiki kadhaa. Ubalozini wamesema wako tayari, waletewe jina la kafili au mahali alipo. Hakuna anayejua. Wakala aliyemleta hapokei.

Ijumaa, 7 Novemba

Hakuna kitu. Nimefua, nimeswali, nimelala. Meli ya watalii imetia nanga bandari ya Sultan Qaboos, Naima kaenda kuitazama. Mimi siruhusiwi kutoka bila Madamu kujua, na Madamu hapokei simu Ijumaa.

Jumapili, 9 Novemba

Niandike polepole.

Bi Zuweina alikuwa amelala kifudifudi kwenye jiwe. Salma amekaa pembeni, kapakwa udongo usoni. Mimi niko mgongoni kwa bibi, nasugua. Bibi akasema kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, "Yule mtoto mtamweka mle chumbani mpaka lini? Mguu umegeuka rangi. Mie nnausikia uvundo mpaka kwangu."

Salma akamwambia apunguze sauti. Ya nini, akajibu bibi, nani atasikia hapa.

Basi nikapata yote. Kioo cha kabati kilimwangukia mguuni akisafisha. Wakamfunga wenyewe, wakampa vidonge vya dukani. Kitambulisho chake kimekwisha muda kitambo. Salim, kaka yake Salma, mwenye nyumba, alipuuza kukikata upya. Sasa anaogopa: akimpeleka hospitali ataulizwa, atatozwa faini, na harusi iko mlangoni na wageni wamejaa. Harusi ikipita atamtia garini mpaka Buraimi, amrudishe kwa wakala. Huko watajua wenyewe.

Bibi akageuza shavu juu ya jiwe. Kisha akasema, neno kwa neno, kama anamsomesha mtoto, "Kadzo wa Kaloleni. Ana mama yake na yeye."

Glavu ikasimama mgongoni mwake. Nikaishurutisha iende. Nikasugua mgongo ule ule mpaka ukawa mwekundu, bibi hakulalamika. Walipotoka nikasema bsaha. Nikatabasamu. Nimetabasamu, ewe Mola.

Yu hai basi. Yu hai na anaoza mguu.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijaliambia kundi. Niliandika ujumbe asubuhi nikaufuta. Nitasema nini? Yuko kwa Salim. Masalim wa Maskati hii wamejaa kama kokoto. Na nikisema nimemsikia mteja hammamu, kabla ya adhuhuri kutakuwa na mtu mtandaoni analia na kutaja saluni. Watakuja wakaguzi. Nitakutwa Mina. Nitapandishwa ndege, na mamangu ndiyo kwanza kaanza kumeza dawa zake za figo bila kuruka siku. Naima naye atakuwa amenisaidia kudanganya. Naogopa. Sina neno jingine zuri zaidi.

Nyumba yenyewe Naima anaijua. Aliwahi kwenda huko kumwogesha binti wa Salim alipokuwa bi harusi. Ramani ya kufika imo kwenye simu yake. Nimemweleza kila kitu tukikunja taulo, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Nikamwomba ramani tu. Sitataja jina lake.

Akakataa. Hakufikiria hata kidogo. Akasema Mmoroko aliyeingia nyumba ya watu, kisha polisi wakafuata, huyo ni mchawi, hata awe malaika. Akasema haya ni ya nyumba yao, na Mungu anaona. Nikamwambia Mungu anaona ila hana ramani. Akaniwekea taulo mikononi akaondoka.

Mwenye kila kitu hataki, mwenye kutaka hana kitu. Nimemchukia leo. Anazungumza lugha yao, ana karatasi safi, akipiga simu atasikilizwa mpaka mwisho. Mimi nikipiga nitaulizwa kwanza nani kafili wako.

Jumanne, 11 Novemba

Wakaguzi wamekuja kweli. Si kwa ajili ya Kadzo, ni zamu yao tu. Madamu alinisukumia ngazi za nyuma, nikapanda darini, nikakaa katikati ya matangi ya maji na mapakacha ya njiwa wa jirani. Jua la Novemba si kali lakini bati linachoma. Nimelowa mvuke, upepo unanipiga, meno yanagongana juani.

Naima alikuwa chini. Alitoa kitambulisho, akawakaribisha kahawa, wakanywa. Nilimsikia anacheka.

Nikiwa huko juu niliwaza: mguu wa mtu unachukua muda gani. Sijui. Marehemu mjomba wangu alikanyaga msumari, akasema si kitu.

Jumatano, 12 Novemba

Mamake Kadzo ametuma sauti kundini. Anazungumza Kigiriama, na mimi Mdigo nakielewa, ni ndugu. Hakulia. Anauliza kama kuna aliyemwona mwanawe tu, hata kwa mbali, hata akiwa na makosa. Amesema mtoto kaanza kutembea. Nyuma yake kuna jogoo anawika.

Watu wakajaza pole na mikono ya dua. Mimi pia nikaweka mikono ya dua. Mnafiki mkubwa.

Madamu ameniletea sahani ya haluwa kwa sababu juzi mteja kamsifu Mina. Nimekula. Nilikuwa na njaa.

Nimejiambia kesho. Jana pia nilijiambia kesho.

Alhamisi, 13 Novemba

Bi Zuweina amekuja leo, siku isiyo yake. Kuoga kwa ajili ya harusi, alimwambia Madamu. Peke yake. Salma yuko kwa fundi cherehani.

Nikafunga mlango wa hammamu. Nikammwagia maji, nikampaka sabuni, akalala kifudifudi. Nikaanza mabegani kama kawaida. Nikafika kiunoni, nikavua glavu, nikaiweka kwenye ndoo. Nikasema, "Bi mkubwa, shikamoo. Kadzo yu hai?"

Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Akainua kichwa, maji yanamchuruzika, akanitazama. "Umechelewa kusema, mwanangu," akasema.

Kumbe alijua. Anajua tangu zamani kuwa mimi si Mmoroko. Siku moja nilimmwagia maji ya moto mno, ikanitoka pole, mie mwenyewe wala sikujisikia. Mmaghribi gani anayesema pole, akaniambia. Hakumwambia mtu. Alifurahi tu kuna mtu wa pwani anamsugua. Na Jumapili ile alikuwa anazungumza na mimi. Kila neno. Salma alikuwepo, angefanyaje tena? Kwao Kadzo anaitwa Maryam, hakuna anayemwita Kadzo. Yeye alilitaja jina la kwao na mji wa kwao, makusudi, ili nilishike. "Nikasema huyu atasikia, atapeleka habari kwa wenziwe. Kila gari likisimama mlangoni nnasema hao, wamekuja. Usiku silali. Hamji."

Nikakaa chini kwenye maji ya nongo.

Nikamwuliza kwa nini hakupiga simu yeye. Nilimwuliza vibaya, kwa ukali, mtu mzima yule, uchi wake mbele yangu. Akasema Salim ni mwanangu. Nimemzaa. Sikuweza kumpeleka mwanangu polisi kwa mdomo wangu, nilitaka apelekwe kwa mdomo wa mtu mwingine. Akaanza kulia. Nikamwacha alie. Sikumwambia pole.

Yeye kangoja mdomo wangu, mimi nikangoja wa Naima, Naima kamngojea Mungu. Tangu Jumapili.

Akanieleza nyumba ilipo, Mawaleh, nyuma ya msikiti, chumba cha uani kando ya jiko. Homa imempanda tangu juzi, anazungumza na watu wasiokuwepo. Nilitoka nilivyo, nguo zimenigandama, miguu mitupu. Wateja wamejaa kwenye viti, kucha zimelowekwa. Nikamwita Naima kwa jina, na nikasema kwa Kiswahili mbele yao wote, kwa sababu Kiarabu kilinikimbia chote. Nikasema msichana anakufa. Mama mmoja aliyekuwa anakaushwa nywele alikielewa, akashika kifua. Madamu alikuwa kwenye kaunta. Uso wake siusahau.

Naima alinitazama. Nilidhani atageuza mgongo. Akaweka chini brashi, akafuta mikono, akachukua simu yake akatoka mpaka barabarani. Nilimwona kupitia kioo. Alizungumza muda mrefu, amesimama wima, mkono mmoja unakata hewa. Alitaja jina lake na la babake. Aliita gari la wagonjwa, akawapigia polisi. Aliporudi midomo ilikuwa myeupe.

Akanitumia ramani, mimi nikaipeleka kundini. Simu haijanyamaza tangu hapo.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamemchukua jana jioni. Yu hai. Yuko hospitali, hatambui watu. Ubalozini walituma mtu saa ile ile. Ya harusi sijui.

Madamu ananipita kama kiti.

Jumapili, 16 Novemba

Wamemkata mguu. Juu ya goti. Daktari alimwambia Mkamba wa Ruwi, aliyejitia shangazi ili aruhusiwe kuingia, kwamba sumu ilikuwa imeshapanda. Mkamba akamwuliza, angeletwa mapema? Daktari akasema mapema kiasi gani. Mkamba akasema siku chache. Daktari akasema labda chini ya goti. Labda hata usingekatwa. Hawezi kusema kwa hakika.

Mkamba kayaandika yote haya kundini, kwa nia njema, na watu wanamlaani Salim. Wananisifu mimi. Shujaa, Mwanasha simba jike, Mungu akuzidishie. Nimeizima simu.

Nataka mtu anitukane.

Jumatano, 19 Novemba

Leo ndiyo hukumu.

Salim kaitwa polisi, zaidi ya hapo sijui. Salma alikuja saluni asubuhi. Hakupiga kelele. Alisimama pale tunapopokelea wateja, akaniambia kwa Kiswahili kizuri, taratibu, kuwa tumekula nyama ya mamake mgongoni mwake. Mamake hatoki chumbani, na Salim hasemi naye. Nilitaka kumwambia mamake ndiye aliyeniambia, na makusudi. Nikanyamaza. Hilo nimeweza kumtunzia yule bibi, hata kama sijamsamehe.

Mchana Madamu akatuita ofisini, mimi na Naima. Tulikuwa wote waongo, uongo ule ule, hammamu ile ile. Naima kapewa onyo. Asirudie, na kwa muda asikae mbele, akae nyuma na rangi za nywele mpaka maneno yapoe. Mimi nimeambiwa nikusanye vitu. Kitambulisho kinafutwa, tiketi inakatwa, mamake Madamu atanipa pasipoti uwanja wa ndege. Madamu hakuwa mkali. Alisema ungekuwa na karatasi ya saluni ningekutetea. Ni yeye aliyeniandikisha mfanyakazi wa nyumbani. Nikamwambia ahsante, mdomo una adabu zake wenyewe.

Stoo inatakiwa. Kesho anakuja msichana mwingine, wa kwetu vilevile, kutoka Malindi. Madamu alimwuliza Naima kama bado analikumbuka lile jina la mji.

Ijumaa, 21 Novemba

Niko kwa Naima. Yeye ndiye aliyelibeba begi langu, hakuniuliza. Ananilaza kitandani, mwenyewe analala kochi. Nimekataa, akanipigia kelele kwa Kimoroko chao ambacho hata Waarabu wa hapa hawakielewi.

Simu yake haina watu. Nimeona. Wateja waliokuwa wakimwita nyumbani wameacha kumwita. Maneno yameshatoka kuwa alimtumia bibi wa watu uchawi ndani ya sabuni, ndipo bibi akaitoa siri ya mwanawe. Yeye karatasi zake hazina doa, na jirani wa ghorofa moja, Mmoroko mwenzake, hakujibu salamu ngazini. Wasiwasi wa kuonekana naye.

Mimi nafukuzwa nchi, na kila jioni kibarazani kwa Naima kuna Wakenya wamekaa sakafuni na vyombo vya chakula. Wajaluo wa Rusayl walileta samaki. Dada wa kanisani walileta nguo za mtoto wa Kadzo. Mtu ambaye simjui kanipa koti, ati Nairobi uwanjani kuna baridi. Naima anawatilia chai ya nanaa, anawatazama kama mtu anayetazama sinema. Aliniuliza, hawa wote ni ndugu zako? Nikamwambia hapana, wengi siwajui, na wawili siwapendi.

Hakucheka. Alikwenda jikoni, akakaa huko.

Nilikuwa nadhani yeye kapata na mimi nimekosa. Sina hakika tena. Ila yeye anabaki na mimi naondoka, na dawa za mamangu hazinunuliwi kwa samaki wa Wajaluo. Mama nimemwambia narudi likizo. Alifurahi.

Jumatatu, 24 Novemba

Tiketi imetoka. Kesho usiku. Kadzo atabaki mpaka kidonda kifunge, kisha ubalozi utamsafirisha.

Nimezunguka siku zote hizi nisiende kumwona. Naima ndiye aliyekwenda, mara kwa mara, na maua, wakielekezana kwa vidole. Leo kasema Kadzo anakuuliza. Nikasema nina kazi ya kufunga begi. Akalitazama begi, limefungwa tangu juzi.

Basi nikaenda.

Kadzo ni mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria. Ana mwanya. Kanywele kake kamesokotana, hakajaguswa tangu mambo yaanze. Shuka limelala tambarare pale mguu unapokosekana, na yeye huwa analivutavuta, kama kuna mkunjo. Alinisalimu kwa adabu, dada shikamoo. Akanionyesha picha ya mtoto. Akasema anachokitaka ni kuoga tu. Hapa wanampangusa kwa kitambaa, na yeye anaona bado ananuka kile chumba.

Nesi wa Kihindi akatupa ruhusa na mfuko wa plastiki wa kufunika kidonda. Tukamkalisha bafuni kwenye kiti. Nikajaribu maji kwa kiwiko, yasiwe ya moto, yasiwe ya baridi. Nikamsugua mgongo kwa mkono mtupu, taratibu, maana ngozi imebaki kwenye mfupa. Nongo zikatoka nyingi. Aliona haya, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu, nimesugua wake za wakubwa. Akacheka. Akafumba macho, akasema Mungu akubariki, dada.

Nikamtia shampuu. Akawa anahadithia, macho kayafumba, mambo ya Kaloleni, nani kaoa, nani kafa. Kisha akaniuliza, lakini dada, ulijuaje niliko?

Nikamwambia nilisikia watu wakizungumza.

Akauliza lini.

Nikamwambia ainamishe kichwa, nimsuuze, povu lisimwingie machoni.